Kabla ya kulipaka gari rangi upya, chunguza kwanza kilichoharibika

KATIKA mji wa Ukunda, na vivyo hivyo kando ya barabara inayotoka Likoni kupitia Diani na Msambweni hadi Lunga Lunga, si ajabu kuona gari ambalo injini yake ingali imara ilhali sura yake imechakaa. Boneti imefifia ikawa kama iliyomwagiwa jivu, paa limeota madoa meupe, taa za mbele zimegeuka manjano na chini ya milango vidonda vya kutu vimeanza kuchungulia.

Mwenye gari kama hilo anapolifikisha kwa fundi, mara nyingi jibu huwa moja: lipakwe rangi upya. Kwa mtu anayetegemea teksi au pikapu kupata riziki, gharama ya kazi hiyo inaweza kumeza mapato ya miezi kadhaa, mbali na siku ambazo gari litakaa karakana bila kuingiza chochote.

Hata hivyo, rangi iliyofifia si lazima iwe imekufa. Katika magari mengi uharibifu huwa umeishia kwenye ngozi ya juu tu, na ngozi hiyo inaweza kusafishwa na kung'arishwa ikarejea hali nzuri kwa gharama ndogo zaidi. Yapo pia magari ambayo hata yakisuguliwa mwezi mzima hayatabadilika, kwa kuwa ugonjwa wao umetoka ndani ya bati.

Tofauti kati ya hali hizo mbili ndiyo anayopaswa kuijua mwenye gari kabla ya kutoa hata shilingi moja. Akikosea anaweza kupoteza kitu ambacho hakuna karakana inayoweza kumrudishia: rangi ya kiwandani.

Matabaka manne juu ya bati

Magari mengi yaliyoundwa tangu miaka ya 1980 huwa na matabaka manne ya rangi juu ya bati. La kwanza ni la kuzuia kutu. Hupakwa kwa kulizamisha bodi zima katika birika kubwa la rangi inayopitishiwa umeme, ili rangi hiyo ipenye hata mahali ambapo mkono wa fundi haufiki. La pili husawazisha uso wa bati. La tatu ndilo lenye rangi inayoonekana, iwe nyeupe, bluu au ya fedha. La nne ni tabaka angavu lisilo na rangi yoyote, ambalo mafundi huliita klia.

Matabaka hayo yote kwa pamoja huwa na unene wa kati ya mikroni 100 na 150 hivi, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina mikroni 100 hivi. Klia peke yake mara nyingi ni mikroni 40 hadi 50, yaani kama nusu ya unene wa karatasi hiyo. Mng'ao wote wa gari unatokana na tabaka hilo jembamba, na ndilo linalokinga rangi iliyo chini yake dhidi ya jua.

Kiwandani, bodi huokwa katika tanuri kabla ya kutiwa viti, nyaya na plastiki, na joto la kukaushia klia hufikia nyuzi 130 za Selsiasi na zaidi. Gari likishakamilika haliwezi kuokwa namna hiyo kwa kuwa plastiki na nyaya zake zitaharibika. Hata karakana zenye vyumba maalumu vya kupakia rangi hukaushia kwa joto la nyuzi 60 hivi. Karakana za jua kali, ambazo ndizo nyingi, hutegemea jua na upepo, na upepo huo huo ndio unaobeba vumbi na chumvi.

Ndiyo maana rangi ya kiwandani, hata ikiwa na umri wa miaka 15, inastahili kutazamwa kama akiba. Ikikwanguliwa yote, inayokuja baada yake mara nyingi huwa dhaifu kuliko iliyoondoka.

Jua, chumvi na maji ya kisima

Mji wa Diani uko nyuzi nne na ushei kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na katika miezi mingine halisogei mbali. Miale ya urujuanimno iliyomo katika mwanga huo huvunja polepole kemikali zinazoishikilia klia. Watengenezaji hutia ndani yake viungo vya kuimeza miale hiyo, lakini viungo hivyo huisha kadiri miaka inavyokwenda. Nyuso zinazotazama juu, yaani boneti, paa na buti, ndizo hutangulia kufifia.

Adui wa pili ni chumvi. Msimu wa kusi, unaoanza karibu Aprili na kuendelea hadi Septemba au Oktoba, upepo hutoka baharini ukielekea nchi kavu na kubeba matone madogo mno ya maji ya bahari. Matone hayo hukauka juu ya bati na kuacha chumvi, na chumvi hiyo huvuta unyevu kutoka hewani hata siku ambayo mvua haikunyesha. Gari linalolala karibu na ufuo hulowa usiku kucha bila mwenyewe kujua.

Adui wa tatu humshangaza mwenye gari kwa sababu hutoka katika ndoo anayoliogeshea. Sehemu kubwa ya ukanda huu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyake vingi yana chokaa. Yaliyo karibu na bahari huwa na chumvi pia. Gari likioshwa kwa maji hayo saa sita mchana, tone hukauka kabla ya kupanguswa na kuacha duara jeupe. Duara hilo likiachwa siku nyingi juani, huchimba klia.

Kuna pia wavamizi wa kila siku. Kinyesi cha kunguru kina tindikali. Utomvu wa mwembe na wa mkorosho huunguza rangi, na kwa hiyo kivuli cha miti hiyo si salama kama kinavyoonekana. Tumbili na kima wa Diani hupanda juu ya magari na kuacha mikwaruzo. Vumbi jekundu linalotimka katika barabara za Kinango na Shimba Hills hufanya kazi kama msasa pindi mtu anapolipangusa kwa tambara kavu.

Magari yenye rangi ya tabaka moja isiyo na klia, hasa yale ya zamani meupe na baadhi ya malori na mabasi, huwa na tatizo lake. Juu yake hutokea unga mweupe unaoshika mkono. Rangi nyeupe hutengenezwa kwa poda ya madini ya titani, na poda hiyo ikipigwa na jua hushiriki katika kuimomonyoa gundi inayoishikilia.

Madini hayo si mageni Kwale. Kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 2013 hadi Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye madini ya titani katika kaunti hiyo na kuyasafirisha ng'ambo kupitia Likoni. Duniani kote, sehemu kubwa ya madini ya aina hiyo huishia kuwa poda nyeupe ya kutengenezea rangi.

Uchunguzi usiogharimu chochote

Kabla ya kuamua lolote, mwenye gari anaweza kufanya majaribio machache mwenyewe, gari likiwa limeoshwa na liko kivulini.

La kwanza ni la maji. Mwaga maji safi juu ya sehemu iliyofifia. Iwapo rangi inarejea kuwa nzito na yenye kung'aa wakati imelowa, yaelekea uharibifu uko juu juu na utaondolewa kwa kung'arishwa. Iwapo mabaka meupe yanabaki palepale, na ukipitisha kidole unahisi ukingo kama wa ganda linalobambuka, klia imekufa mahali hapo. Hakuna dawa ya kung'arisha inayoweza kuirejesha.

La pili ni la ukucha. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo ukiukata kwa upande. Ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo huo unaweza kuondolewa. Ukikwama, mkwaruzo ni wa kina na kuusaka hadi mwisho kutamaliza klia yote iliyouzunguka.

La tatu ni la kitambaa cheupe. Tia dawa kidogo ya kung'arishia katika kitambaa na kusugua mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikipata rangi ya gari, gari hilo lina rangi ya tabaka moja, au klia ya mahali hapo imekwisha. Kikibaki bila rangi ya gari, klia ingalipo.

La nne ni la kugusa. Vaa mkononi karatasi laini ya nailoni, kama ile inayofungia mkate, kisha papasa bodi. Vidole vikiwa ndani ya karatasi hiyo huhisi chembechembe ambazo mkono mtupu hauzihisi. Chembe hizo ni lami, utomvu uliokauka na vumbi la chuma lililogandamana na rangi.

La tano ni la sumaku ndogo iliyofunikwa kwa kitambaa ili isikwaruze. Ikishika bati kila mahali isipokuwa sehemu fulani ya mlango au madigadi ya chuma, huenda chini ya rangi hapo pamejazwa pati baada ya ajali au kutu. Sehemu hiyo ni ya kushughulikiwa kwa tahadhari.

Mwisho, piga magoti. Tazama chini ya milango, ndani ya madigadi, ukingo wa buti na chini ya kioo cha mbele. Malengelenge madogo chini ya rangi yanamaanisha kwamba kutu imekwisha kuanza kula bati.

Kuosha ni nusu ya kazi

Mikwaruzo mingi inayoonekana kama utando wa buibui jua linapopiga boneti haikuletwa na barabara. Ililetwa na uoshaji. Tambara moja linapotumika kuanzia magurudumu hadi paa, au ndoo moja ya maji inapotumika kuosha magari matatu, mchanga uliomo ndani yake husuguliwa juu ya klia.

Anza mapema asubuhi au jioni, bati likiwa baridi. Mwagia gari maji mengi kwanza ili mchanga uondoke wenyewe. Usisahau kuelekeza maji chini ya gari na ndani ya madigadi, mahali ambapo chumvi hujificha. Kisha tumia ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa kabla ya kukirudisha katika sabuni. Osha kutoka juu kwenda chini na uache magurudumu mwisho, yakiwa na kitambaa chake.

Sabuni ya unga ya kufulia haifai. Ni kali, huondoa nta yote iliyobaki na hukausha mipira ya milango. Sabuni iliyotengenezewa magari ndiyo salama. Vilevile, tabia ya kupangusa bodi kwa mafuta ya taa au dizeli ili ling'ae humridhisha mteja kwa saa chache tu. Mafuta hayo hudaka vumbi la njiani na kudhoofisha mipira. Tone moja katika kitambaa laweza kuondoa doa la lami, lakini mahali hapo panapaswa kuoshwa kwa sabuni mara moja.

Madoa meupe ya chokaa huondoka kwa siki iliyochanganywa na kiasi sawa cha maji. Lowesha doa kwa dakika moja, usiache likauke, kisha suuza vizuri. Siki isitumiwe mahali ambapo bati liko wazi. Kwa suuza ya mwisho, maji ya mvua yaliyotekwa kutoka paa la nyumba hayana chokaa ya kisima na huacha madoa machache sana.

Baada ya kukausha, chembe zilizobaki huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaouzwa katika maduka ya vifaa vya magari. Hufinyangwa ukawa bapa na kuteleza juu ya bati lililolowa maji ya sabuni, bila kukandamizwa. Ukianguka chini hutupwa, kwa sababu mchanga mmoja tu unatosha kuchora boneti nzima.

Kung'arisha ni kupunguza

Wengi hudhani dawa ya kung'arisha huongeza kitu juu ya rangi. Ukweli ni kinyume. Dawa hiyo ina chembe ngumu ndogo mno ambazo hukwangua klia kwa kiasi cha mikroni chache, hadi uso uwe sawa na kingo za mikwaruzo zipotee. Mwanga ukipiga uso ulio sawa hurudi kwa pamoja, na jicho huona mng'ao. Kila mng'ao unaopatikana umelipiwa kwa klia, na klia haioti tena.

Kwa sababu hiyo, mafundi makini huanza na dawa laini kuliko zote. Hujaribu kwanza sehemu yenye ukubwa wa daftari na kutazama matokeo. Hawaendi kwa dawa kali isipokuwa ile laini imeshindwa. Kingo za milango, mistari ya bodi na pembe za bampa hufunikwa kwa utepe wa karatasi, kwa kuwa hapo rangi ni nyembamba na huisha kwa sekunde chache.

Kosa linalochoma rangi nyingi ni kutumia mashine ya kusagia vyuma iliyofungwa kipande cha sifongo au manyoya. Mashine ndogo ya kusagia huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika, ilhali mashine ya kung'arishia inayozunguka kwa duara moja huhitaji mara 1,000 hadi 2,000 tu kwa sehemu kubwa ya kazi. Iliyo salama zaidi kwa anayejifunza ni ile ambayo kichwa chake huzunguka na kutikisika kwa wakati mmoja, kwa kuwa haikusanyi joto mahali pamoja.

Kazi hufanywa kivulini, kipande kwa kipande chenye upana wa nusu mita hivi, kwa matone machache ya dawa na mwendo wa polepole unaopishana. Ukiweka kiganja juu ya bati na usiweze kukiacha hapo kwa ajili ya joto, simama. Sifongo isafishwe mara kwa mara. Kila sehemu ikimalizika ipanguswe kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kwani mafuta yaliyomo katika dawa huficha mikwaruzo na kumfanya fundi aamini kazi imekwisha.

Asiye na mashine anaweza kufanya kwa mkono sehemu ndogo, kama kuzunguka vitasa vya milango. Boneti nzima kwa mkono ni kazi ya siku nyingi, na matokeo yake mara nyingi si sawa kote.

Taa za mbele nazo zina hadithi kama hiyo. Plastiki yake ni ngumu lakini hupakwa ngozi ya kuikinga dhidi ya jua, na ngozi hiyo ndiyo inayogeuka manjano. Husuguliwa kwa msasa laini wenye maji, kuanzia namba 1,000, kisha 2,000 na 3,000, halafu ikang'arishwa. Isipopakwa kinga mpya baada ya hapo, umanjano hurudi katika muda wa miezi. Kwa dereva wa usiku hili ni suala la usalama kwanza, kisha sura.

Kutu hainga'rishwi

Malengelenge ya kutu ni jambo jingine kabisa. Hapa methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inafaa kuchukuliwa kama ilivyo. Kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi leo, kikiachwa msimu mmoja wa kusi, kinaweza kuwa tundu la kupitisha kidole.

Tiba yake ni kukwangua hadi bati jeupe lionekane, kuosha mahali hapo kwa maji yasiyo na chumvi, kukausha kabisa, kupaka rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya gari na klia. Hatua ya kuosha ndiyo inayorukwa mara nyingi katika Pwani. Chumvi ikifungiwa chini ya rangi mpya huvuta unyevu kupitia rangi hiyo, na baada ya miezi malengelenge huibuka upya. Mteja humlaumu mwenye duka kwa kumuuzia rangi mbovu, kumbe kasoro ilikuwa chini ya rangi.

Pikapu zinazobeba samaki kutoka Shimoni, Vanga na Msambweni ziko hatarini zaidi. Maji ya barafu na chumvi hutiririka ndani ya sanduku la nyuma na kukaa kwenye maungio ya bati. Kuzisuuza kwa maji matamu kila jioni ni kazi ya dakika chache. Gari dogo nalo lina matundu ya kutolea maji chini ya milango na chini ya kioo cha mbele, ambayo huzibwa na mchanga pamoja na majani membamba ya mvinje. Kijiti laini kinatosha kuyazibua.

Magari yaliyotumika ng'ambo yanastahili jicho la pekee. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, lakini umri si kila kitu. Katika sehemu za Japani zenye theluji, barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi kali, na gari lililotoka huko linaweza kufika bandarini Mombasa juu likimeremeta, chini likiwa na kutu.

Rangi upya inapokuwa lazima

Iwapo klia imebambuka katika sehemu kubwa, kupaka upya sehemu hiyo hakuepukiki. Hata hivyo, boneti na paa vikifa havina budi kupakwa vyenyewe. Si lazima milango iliyo mizima ikwanguliwe pia. Fundi mzuri atakubali kupaka sehemu moja na kuoanisha rangi kwa kutumia namba ya rangi ya kiwandani, ambayo katika magari mengi imeandikwa kwenye kibati kilicho ndani ya mlango au chini ya boneti.

Anayetaka kubadilisha rangi kabisa akumbuke kwamba rangi ya gari imeandikwa katika kitabu cha umiliki. Mabadiliko hayo yanapaswa kuarifiwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA), la sivyo mwenye gari atakuwa na maswali ya kujibu barabarani na siku ya kuliuza.

Lipo pia suala la afya, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Klia nyingi za kisasa huchanganywa na kikaushio chenye kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo zikivutwa zinaweza kusababisha pumu ya kudumu. Kitambaa kilichofungwa mdomoni hakizuii kitu. Fundi na wanagenzi wake wanahitaji vifaa maalumu vya kupumulia vinavyofaa kazi hiyo na mahali penye hewa ya kutosha, na watoto wasiruhusiwe kucheza karibu wakati rangi inapulizwa.

Maji machafu nayo yasisahaulike. Mwamba wa matumbawe una vinyweleo vingi, na kinachomwagwa juu yake hushuka haraka hadi kwenye maji ya visima. Sabuni, mafuta na unga wa rangi visiachwe vitiririke ovyo karibu na kisima wala ufuoni.

Kinga baada ya tiba

Gari lililong'arishwa na kuachwa bila kinga liko uchi. Nta ndiyo kinga ya tangu zamani. Iliyo maarufu hutoka katika majani ya mti mmoja wa Brazili uitwao carnauba, ambao huitoa ili usipoteze maji wakati wa kiangazi. Katika joto la Pwani nta hiyo hudumu wiki kadhaa tu. Kinga za kutengenezwa viwandani hudumu miezi, na zile za kauri zinaweza kupita mwaka zikipakwa ipasavyo. Hakuna hata moja inayoponya kutu wala inayomwondolea mwenye gari wajibu wa kuosha.

Kivuli kina nafasi yake, lakini si kila kivuli. Banda la makuti lenye kupitisha hewa ni bora kuliko turubai lililofungwa juu ya gari. Turubai hunasa unyevu, na upepo ukivuma husugua mchanga juu ya rangi. Kinyesi cha ndege na utomvu visingoje Jumamosi; vilowekwe na kuondolewa siku hiyo hiyo.

Kwa mnunuzi, elimu hii ni ngao. Muuzaji anaweza kulipaka gari nta nzito asubuhi, likang'aa mchana na kufifia baada ya kuoshwa mara mbili. Anayepapasa kingo za milango, anayebeba sumaku mfukoni na anayepiga magoti kutazama chini hadanganyiki kwa urahisi.

Kwa vijana wanaoosha magari Ukunda na Msambweni, hapa pana ujuzi unaoweza kuongeza kipato bila kuhitaji karakana kubwa: mashine moja inayofaa, sifongo chache, vitambaa laini na subira. Mtaji mkubwa zaidi ni uaminifu wa kumwambia mteja, kabla ya kupokea pesa zake, kwamba sehemu hii itapona na ile haitapona.

Na kwa mwenye gari, kazi kubwa ni ile isiyo na gharama kubwa. Maji matamu juu na chini ya gari angalau mara moja kwa wiki msimu wa kusi, kitambaa safi, na nta kila inapoisha, vitafanya mengi zaidi ya rangi mpya ya kila baada ya miaka miwili. Rangi iliyotoka kiwandani ikitunzwa hivyo, gari lina nafasi nzuri ya kuzeeka likiwa na rangi yake ya kwanza.